Kibati Kilichoondolewa Ubaoni

Mkufunzi hakuruhusu mtu amshikie kitu. Ukimpokea kikapu njiani, kama anavyofanya mtu yeyote aliyelelewa vizuri anapokutana na mzee, alikunyang'anya na kukutazama kana kwamba umemwibia. Kikombe chake cha uji alikifuata mwenyewe jikoni na kukirudisha mwenyewe. Watu wa Nkome walidhani ni maringo ya askari wa zamani. Mimi, niliyeandika mambo yake kwa miaka mitatu, kwa siku na kwa saa, niliandika katika daftari langu la kwanza kwamba hiyo ni nidhamu ya kijeshi iliyomganda mwilini. Leo nikiisoma sentensi hiyo naona aibu, na aibu yangu ina tabia ya kutoka ikiwa hasira.

Wa kuwakasirikia ninao wengi. Nimejaribu kuwapanga kwa haki: aliyeandika faili, aliyelihifadhi, aliyenifundisha kuliamini, mimi niliyekubali kufundishwa, na yeye Mkufunzi. Kila nikiwapanga, mpangilio unabadilika. Kwa hiyo nitamweleza yeye peke yake, kwa kadiri ninavyomjua, na wengine watajitokeza kila mmoja mahali pake.

Nilimwita Mkufunzi kwa sababu ndivyo wavuvi walivyomwita. Asubuhi za Jumamosi, ziwa linapokuwa halijachafuka, aliwafundisha kuogelea wavuvi na akina mama wanaoanika dagaa. Asiyeijua Nkome atashangaa kwamba mvuvi anahitaji kufundishwa kuogelea, lakini ukweli ni kwamba wengi wao walitoka bara, kwenye pamba na ng'ombe, wakaingia mtumbwini wakiwa watu wazima na mikono yao haijui maji. Mkufunzi alisimama majini hadi kiunoni, shati limefungwa hadi kifungo cha juu, na kutoa amri kwa lugha iliyochanganya Kiswahili, Kisukuma na Kiingereza cha kambini. Somo la kwanza halikuwa kuelea. Lilikuwa kuvua viatu majini bila kutumia mikono. "Kwanza viatu," alisema, "halafu ujasiri." Viatu vyake mwenyewe, iwe harusini au msibani, havikuwahi kufungwa kamba. Kila fundo lililokuwa nyumbani kwake, la mbuzi, la chandarua, la gunia, lilikuwa la kuvuta ncha moja likafunguka.

Mtu huyu, aliyefundisha maji kwa miaka mingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, hakupanda chombo chochote cha majini. Safari ya Mwanza, ambayo wenzake waliifanya kwa boti, yeye aliizungukia kwa barabara.

"Mkufunzi," mvuvi mmoja alimtania siku moja nikiwa nimekaa ufukweni na daftari, "sisi unatutupa ziwani, wewe mtumbwi unauogopa kama bibi harusi anavyomwogopa mama mkwe."

"Nimekufundisha kuogelea au kuuliza maswali?"

"Kuogelea, afande."

"Basi ogelea."

Wote walicheka, na yeye akacheka pia, lakini nilimwona akitazama kichwa cha mvuvi yule kila kilipozama, midomo ikihesabu. Alihesabu vichwa daima. Kanisani alihesabu. Kwenye gari alihesabu waliopanda, na kila kituo aliwahesabu upya, jambo lililowaudhi makondakta.

Nilimfikia kupitia utafiti wangu wa shahada ya uzamili, ambao ulihusu mafunzo ya kubadilishana baina ya majeshi ya majini ya nchi washirika katika vita kuu ya pili. Nieleze kwa ufupi, maana hata ndugu zangu wa Shinyanga walidhani nimechanganyikiwa: binti wa mjini, mkoa usio na bahari, anasomea askari wa majini. Nyaraka nilizozipata zilihusu kambi moja ya ufukweni, katika kisiwa cha Siloni, ambako askari wetu wa Afrika Mashariki waliwekwa pamoja na askari wa majini wa Kiingereza na wa washirika wao. Kila upande ulipaswa kutoa ulichokijua. Wazungu walipaswa kujifunza kwetu kutembea msituni siku kadhaa bila moto na bila kelele. Sisi tulipaswa kujifunza kwao kushuka melini kwa wavu wa kamba, kuingia katika mashua za chuma ambazo milango yake ya mbele huanguka kama daraja, na kuikimbilia nchi kavu na shanta mgongoni. Waliochaguliwa kuwa wakufunzi wasaidizi upande wetu walikuwa sita, wote watu wa ziwani waliokwisha kujua kuogelea. Mkufunzi alikuwa mmoja wa hao sita, na nilipompata alikuwa amebaki peke yake.

"Wao walitufundisha kushuka, sisi tukawafundisha kutembea," aliniambia siku ya kwanza. "Cheti walipata wao."

Alizungumza juu ya Siloni kwa namna mbili ambazo sikuweza kuzipatanisha. Kulikuwa na sajini mmoja wa majini, mwenye shingo iliyoungua kwa jua ikawa kama nyama, ambaye alimfundisha kuligeuza shanta likawa mto wa kuelea. Mkufunzi alimsifu mtu huyo kwa upole ambao sikumsikia akiutumia kwa mtu mwingine. Katika kikao kilekile, kabla chai haijapoa, alisema kwamba angepata nafasi angemshika kichwa na kumzamisha kwa mikono yake.

"Nichukue lipi, Mkufunzi?"

"Yote mawili, binti msomi. Usinichagulie."

Sikumchagulia, lakini niliyapanga: sifa katika jalada moja, chuki katika jingine. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa.

Hasira zake zilikuwa za mtu anayetaka orodha. Mwaka ule meli ilipozama karibu na Mwanza, ziwa zima likiwa matanga, alikaa mbele ya redio siku mbili. Watu walilia kwa ajili ya waliokufa. Yeye alilia pia, lakini kilichomtoa kwenye kiti ni mtangazaji aliposema kwamba idadi ya waliopanda haijulikani kwa uhakika. Alisimama, akaizima redio kwa kiganja kama anayemzaba mtu kofi. "Haijulikani," alisema. "Mtu anapanda, anakufa, na haijulikani kama alipanda." Mkewe, mama mpole wa Kizinza aliyeishi naye kwa utulivu wa kustaajabisha, alimwambia, "Baba, kaa, kelele hazitawatoa majini." Hakukaa. Alitoka na kwenda kusimama mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, hadi jioni, akimwuliza kila nahodha wa mtumbwi amepakia wangapi na anarudi na wangapi, mpaka mmoja akamjibu kwamba hii si jela.

Nilidhani naielewa hasira hiyo. Nilidhani ni hasira yangu mimi, ya kizazi kilichosomea ukoloni na kuona jinsi watu wetu walivyoandikwa kwa idadi badala ya majina. Nikampenda kwa ajili ya hasira hiyo, nikaacha kumwuliza maswali ambayo mtafiti asiyependa angemwuliza.

Siku iliyoanza kunitoa gizani ilikuwa machimboni, si mbali na Bulyanhulu. Mpwa wake alikuwa na duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, na mara moja moja Mkufunzi alikwenda kukaa mdomoni mwa shimo hilo kwa wiki moja au mbili. Alikuwa ametengeneza ubao wenye misumari. Kila mchimbaji alikuwa na kizibo cha soda kilichotobolewa na kutiwa alama yake. Akishuka, anakitundika. Akipanda, anakichukua. Kizibo kikibaki ubaoni, mtu yuko chini. Ulikuwa utaratibu mzuri, na wachimbaji waliufuata kwa kejeli na heshima iliyochanganyika, kama wanavyofuata mambo ya mganga.

Mchana huo mchimbaji mmoja alipanda, mweupe kwa vumbi toka kichwani hadi miguuni, akachukua vizibo viwili kwa mkupuo.

Mkufunzi alimpiga fimbo mkononi kabla sijatambua kwamba amenyanyuka.

"Mzee, vipi? Jamaa yuko nyuma yangu anapanda."

"Umemwona?"

"Namsikia."

"Nimekuuliza, umemwona?"

"Mzee, si huyo hapo anakohoa."

"Rudisha."

"Kizibo tu, mzee wangu, unaniumiza kwa kizibo?"

"Rudisha kwenye msumari wake."

Mchimbaji alikirudisha. Dakika moja baadaye mwenzake alitokeza kichwa, akauliza nani amekufa mbona kimya, na watu wote wakacheka kwa kishindo. Mkufunzi hakucheka. Alikaa juu ya magunia ya mawe, akaniambia nisiwashe kinasa sauti, na kabla ya jua kushuka alinieleza habari za Shija.

Ninaziandika hapa kama alivyozieleza siku ile. Katika kambi ya Siloni kulikuwa na ubao wa namna hiyo ufukweni. Kila askari alikuwa na kibati chenye namba. Kabla ya kupanda mashua alikitundika, na akirudi alikichukua. Filimbi ya mwisho ikilia, sajini aliutazama ubao. Kibati kimoja kikionekana, seksheni nzima ilikimbizwa mchangani na mashanta hadi watu wanatapika. Kwa hiyo watu wetu walizoea kusaidiana. Aliyewahi kufika alichukua cha mwenzake aliye nyuma. Ulikuwa wema mdogo, wa watu waliochoka, na wote waliufanya.

Shija alikuwa rafiki yake, mtu wa Ushetu, mchekeshaji, aliyejifunza kuogelea wakiwa huko huko na hakujifunza vizuri. Siku hiyo bahari ilikuwa mbaya. Mkufunzi alirudi na mashua ya pili, akaambiwa Shija yuko katika ya mwisho. Mashua ya mwisho alikuwa akiiona. Filimbi ilikuwa karibu kulia. Akachukua kibati chake, akachukua na cha Shija. Wengine nao wakachukua vya wenzao, ubao ukawa mtupu. Mashua ya mwisho ikafika bila Shija, na kila aliyekuwamo alidhani ameshuka na ile ya mbele yao.

Jioni jina lake lilipoitwa hakuitika. Ubao ulisema alitoka majini. Basi kama alitoka majini na hayupo kambini, amekimbia kwa miguu. Wakamwandika mtoro.

"Ukawaambia?" niliuliza.

"Niwaambie nini?"

"Kwamba kibati ulichukua wewe."

"Ningewaambia, wote wangechapwa. Seksheni zote. Wote tulikuwa tunafanya."

Habari za utoro zilitangulia kufika Ushetu kuliko watu waliorudi. Watu wa mtemi walikuja kumtafuta Shija kwao, wakapekua maghala, wakamcharaza baba yake mbele ya watoto. Msiba haukufanyika, kwa sababu mtoro hajafa. Hakuna aliyenyolewa nywele za msiba. Hakuna aliyelia hadharani. Familia ikabaki na jina, ukoo wa mtoro, na jina hilo liliwafuata hadi kwenye posa za wajukuu. Dada yake Shija, aliyekuwa msichana mdogo wakati ule, alikuwa bado hai, akilima tumbaku huko huko.

"Nataka uandike," Mkufunzi aliniambia. "Uandike kwamba alizama. Kitabu cha chuo kikuu kikisema alizama, atakuwa amezama. Halafu utawapelekea."

Hilo ndilo alilolitaka kwangu. Hakutaka kingine kwa miaka yote mitatu, na mimi nilijua.

Nilirudi kwenye faili. Mtu asiyejua kazi hii atadhani mtafiti hutafuta ukweli. Mara nyingi hutafuta mahali pa kuegemea. Ripoti ya zoezi lile nilikuwa nayo, nakala hafifu iliyopigwa kwa taipureta. Ilisema zoezi lilifanikiwa na halikupoteza mtu. Kuhusu askari mmoja aliyekosekana jioni, ilitoa sababu mbili za kumhesabu mtoro: kwanza, vibati vyote vilikuwa vimeondolewa ubaoni, pili, mmoja wa wakufunzi wasaidizi wa Kiafrika, ambaye hakutajwa jina, alithibitisha kumwona akitoka majini.

Nilimwuliza Mkufunzi juu ya shahidi huyo. Nilimwuliza kwa uangalifu, kama anavyouliza mtu anayeogopa kumkosea mzee.

"Mwafrika nani angeulizwa?" alinijibu. "Wazungu wale walituuliza lini kitu?"

Jibu hilo lilinifurahisha. Ninasema wazi: lilinifurahisha, kwa sababu liliendana na mambo niliyokuwa tayari nimeyakasirikia. Niliandika pembeni kwamba shahidi huenda alibuniwa na maofisa. Sikuuliza tena.

Msimamizi wangu hakufurahishwa. Ofisini kwake, akiwa na kalamu nyekundu, aliisoma sura yangu ya nne na kuzungushia duara aya ya Shija.

"Una chanzo kimoja," alisema.

"Ndiyo, mwalimu. Lakini alikuwepo."

"Kimoja, tena cha mzee, miaka hamsini baadaye, rafiki wa mhusika. Upande wa pili una ubao na una shahidi. Viwili kwa kimoja, dada yangu. Hatuandiki huruma hapa."

"Naweza kuiweka katika tanbihi?"

"Tanbihi ya nini? Kwamba mzee mmoja ana majonzi?"

Ningeweza kubishana. Nililala na maneno ya kubishana kwa majuma, nikayapanga, nikayapangua, nikatafuta kama kuna kanuni ya ushahidi inayoniokoa, na wakati ninatafuta kanuni, siku ya kukabidhi ikafika. Nikaifuta aya. Haikutosha kuifuta, kwa sababu sura ilibaki na pengo, na mimi sivumilii pengo. Nikaandika kwa mkono wangu, kwa Kiingereza kizuri, kwamba zoezi lile lilimalizika bila kupoteza mtu.

Tasnifu ilipita. Walinisifu kwa usahihi.

Nilikwenda Nkome na nakala yenye jalada gumu, kwa sababu nilikuwa nimeahidi. Mkufunzi alikuwa amekonda, na kikohozi kilimkatisha maneno, lakini alinifungulia mlango mwenyewe na kunivutia kiti mwenyewe.

"Shikamoo, Mkufunzi."

"Marahaba, binti msomi. Umekileta."

Alikipokea kitabu kwa mikono miwili, akakifuta kwa shati ingawa hakikuwa na vumbi. Hakujua kusoma Kiingereza cha namna ile. Akakirudisha kwangu.

"Nisomee pa Shija."

Ningeweza kudanganya. Nilifikiri hata namna ya kufanya hivyo: kutafsiri ukurasa usiokuwepo. Badala yake nilifungua sura ya nne na kumtafsiria neno kwa neno sentensi niliyoiandika. Nilimaliza. Mkewe, aliyekuwa anachambua mchele, aliacha mikono hewani.

Mkufunzi hakupaza sauti. "Na wewe," alisema.

"Chanzo kilikuwa kimoja, mzee wangu. Walikuwa na shahidi, mimi sikuwa na…"

"Na wewe umesema wote walirudi."

Nilikuwa na maelezo, na nilianza kuyatoa, yote, ya msimamizi, ya kanuni, ya siku ya kukabidhi, mpaka nikasikia sauti yangu ilivyo. Mkufunzi akamwita mkewe amtolee koti, akajirekebisha, akaenda kulichukua mwenyewe.

"Twende Ushetu," alisema.

"Mkufunzi, hali yako hii…"

"Nilikuwa nangoja karatasi inisemee. Karatasi imesema kama wale. Twende."

Tulifika siku ya tatu asubuhi. Nyumba ya dada yake Shija ilikuwa nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, na uwanja umefagiliwa. Anaitwa Mama Masunga, mwanamke mrefu, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu wa majani. Alitupokea kwa furaha ya mtu asiyejua.

"Mwangaluka," alisema, akapiga goti kidogo. "Shikamoo kaka. Karibuni. Umekuja na binti yako?"

"Mwangaluka. Huyu ni wa chuo kikuu," Mkufunzi alijibu. Alikataa kiti. "Mama, mimi nilikuwa vitani na kaka yako Shija."

Mama Masunga aliliweka chini jani alilokuwa ameshika. "Wewe ni wa pili kuja kwetu na jina hilo," alisema. "Wa kwanza walikuja na viboko."

Mkufunzi akamweleza. Alieleza vizuri, karibu kama alivyonieleza machimboni: bahari ilivyokuwa, sajini alivyokuwa mkatili, ubao, vibati, filimbi, jinsi kila mtu alivyokuwa akimchukulia mwenzake. Mwisho akasema kwamba Shija hakukimbia. Alizama.

Nilikuwa nimejiandaa kutoa nakala za faili, kueleza mazingira, kuthibitisha. Mkono wangu ulikuwa tayari ndani ya mkoba.

"Alizama," Mama Masunga alisema.

"Alizama, mama."

"Siku hiyohiyo."

"Siku hiyohiyo."

Hakuuliza chanzo. Hakuuliza nani mwingine anajua. Aliamini kwa maneno ya mtu mmoja, kwa pumzi moja, jambo nililolipima miaka mitatu na kulikuta halina uzito wa kutosha. Aliinamisha kichwa, na nilidhani atalia. Alipokiinua, Kiswahili chake kilikuwa kimebadilika. Neno kaka lilikuwa limetoweka.

"Wewe ulitoka vitani lini?"

Alimwambia.

"Na njia ya kuja hapa ulikuwa huijui?"

"Nilikuwa naijua."

"Baba yangu alikufa akiapa mwanawe si mwoga. Watu wanamcheka. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nkome."

"Ukifanya nini?"

Mkufunzi alikohoa kabla ya kujibu. "Nafundisha kuogelea."

Mama Masunga alimtazama kama mtu anayetafuta mahali pa kumpiga. Kisha akaenda ukingoni mwa uwanja, akaita kuelekea mashambani. Mwanawe wa kwanza akaja, jembe begani.

"Simama," alimwambia Mkufunzi, ingawa alikuwa hajakaa. "Huyu hajasikia. Mwambie."

Akamwambia. Alipomaliza, akaja mwana wa pili na mkewe. "Hawa hawajasikia." Akawaambia. Akaja mjane wa mdogo wake Shija, akiongozwa na fimbo. Akaja jirani ambaye babu yake alikuwa miongoni mwa waliopekua maghala, na huyo Mama Masunga alimwita kwa jina, kwa sauti ya kusikika mbali. Kila aliyefika, Mkufunzi alitakiwa kuanza mwanzo, akiwa wima. Nilisema mara moja kwamba mzee ni mgonjwa, angepewa kiti.

"Binti," Mama Masunga aliniambia bila kugeuka, "wewe umemsikiliza miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Umemaliza. Sasa tunasikiliza sisi."

Nilikuwa na daftari, na kwa sababu sijui kufanya jambo jingine nikiwa na hofu, niliandika. Kwa hiyo ninaweza kusema kwa usahihi kilichotokea. Katika maelezo ya tatu, ukatili wa sajini haukuwemo. Katika ya nne, bahari mbaya haikuwemo. Katika ya tano, hakusema tena kwamba wote walikuwa wakifanya hivyo. Sauti ilikuwa imekwisha, na alikuwa akitoa kila mara vitu vichache zaidi, kama mtu anayetupa mizigo ili abaki juu ya maji. Mara ya saba aliyekuja alikuwa mjukuu wa Mama Masunga, msichana ambaye posa yake ya kwanza ilikuwa imevunjwa kwa ajili ya jina la ukoo. Uwanja ulikuwa umejaa.

"Shija alikuwa bado majini," Mkufunzi alimwambia msichana. "Nikachukua kibati chake. Jioni waliniita. Waliniuliza mimi kama nilimwona akitoka. Nikasema ndiyo, nimemwona."

Kalamu yangu ilisimama. Mkufunzi msaidizi, Mwafrika, asiyetajwa jina. Ubao aliuacha mtupu yeye, na ushahidi aliutoa yeye. Vile vyanzo viwili, vilivyokuwa na nguvu kuliko kimoja, vilivyonipa sentensi yangu ya Kiingereza kizuri, vilikuwa mtu mmoja aliyesimama mbele yangu na viatu visivyofungwa, na sikuwahi kumfanya ayaeleze mara saba.

Msichana alimtazama bibi yake. Mama Masunga alikuwa ameanza kufungua kitambaa cha kichwani, polepole, na mmoja wa wanawe alikuwa tayari ameingia ndani kutafuta wembe. Mkufunzi alifikiri amemaliza. Aliyumba, akanyoosha mkono nyuma yake kukitafuta kiti.

"Bado," Mama Masunga alisema. "Kesho wanakuja ndugu wa Kahama. Hao nao hawajasikia."